Boti ya jioni Mto Rufiji: mamba tuliwaona, tena karibu mno

Nilikwenda Hifadhi ya Taifa ya Nyerere Oktoba iliyopita na shemeji yangu na wanawe wawili. Tulilala kambi moja pale Mloka, nje kidogo ya lango la Mtemere. (Kwa shemeji bado ni Selous tu, ingawa hifadhi ilimegwa kutoka pori hilo la akiba tangu 2019.) Kilichonipeleka hasa ni boti.

Haki yao niwape. Msimu huo maji yamepungua, mafungu ya mchanga yamejitokeza katikati ya mto, na mamba wamejianika juu yake midomo wazi. Watoto walidhani wanatutishia. Nahodha akawaambia mnyama huyo hatoki jasho, anaachama ili apoze mwili. Viboko aliwapita kwa mbali, kwa adabu kabisa. Chai na karanga, safi.

Tatizo lilianza abiria wawili walipotaka picha ya jike mmoja mkubwa. Nahodha akazima mashine, boti ikateleza mpaka tukabakiza kama mita nne. Mamba wenzake wote walikwisha tumbukia majini, yeye hakujongea. Jike asiyekimbia boti huenda ana mayai aliyoyafukia hapo hapo, na huyalinda karibu miezi mitatu. Nikasema, "Nahodha, turudi nyuma kidogo." Akacheka: "Usiogope kaka, hawa wametuzoea."

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Muda wote huo mwana mdogo wa shemeji alikuwa anachezesha mkono majini na hakuna aliyemkataza. Jaketi okozi zilikuwepo, ila zimesukumwa chini ya benchi, na zote za watu wazima; mtoto wa miaka saba angechomoka kama embe kwenye gunia. Maelezo ya usalama kabla ya kuondoka? Tuliambiwa tusisahau kofia. Asubuhi yake tulipotembea kwa miguu hifadhini tulikuwa na askari mwenye bunduki, tukapangwa mstari mmoja, marufuku hata kupiga kelele. Jioni majini, mbele ya mnyama anayewinda papo hapo ukingoni, kila kitu kikaachwa kwa busara ya mtu mmoja na hamu yake ya bakshishi.

Tuliporudi Mloka kulikuwa na mama anachota maji kwa kopo lililofungwa kwenye fimbo ndefu, yeye kasimama mbali na ukingo. Watoto wetu wakakimbilia majini kunawa miguu. Nahodha yule yule akapaza sauti: "Tokeni hapo! Mnataka kuliwa?"

Nyota tatu kati ya tano, mbili kati ya hizo ni za mto wenyewe. Nilimweleza msimamizi wa kambi; alinisikiliza vizuri na kuahidi kununua jaketi za watoto. Ukienda, omba uzione kabla hujalipa, na mkubaliane na nahodha mapema kwamba mamba mtamtazama kwa darubini.