REW na maiki ya UMIK-1 pamoja na Audyssey: uzoefu wangu kwenye sebule ya tofali na marumaru, Arusha

Nianze na chumba, kwa sababu namba zote hapa chini zinatokana nacho. Sebule iko Njiro: urefu mita 5.2, upana 3.8, kimo 2.8. Kuta ni tofali za bloku zilizopigwa plasta, sakafu marumaru, dari jipsamu, na ubavuni kuna dirisha kubwa la vioo. Nyumba nyingi za hapa Arusha na za Moshi zimejengwa hivyo hivyo, na kwa sauti huo ni mtihani: karibu kila kitu chumbani kinarudisha mawimbi, hakuna kinachoyameza. Mfumo wenyewe ni 5.1, risiva yenye Audyssey MultEQ XT32 (mfumo wa ndani ya risiva unaopima chumba kwa maiki na kurekebisha sauti wenyewe), spika tano na sabufa moja ya inchi 12. (Nikisema sabufa namaanisha boksi la besi peke yake, siyo redio nzima kama tunavyoiita mtaani.)

Hukumu yangu naitoa mapema: Audyssey peke yake ilifika nusu ya safari. REW (programu ya kompyuta ya kupima sauti ya chumba) ilionyesha nusu iliyobaki imekwama wapi, na sehemu kubwa ya hiyo nusu ilitibiwa kwa kusogeza boksi na kochi. Programu ilikuja kumalizia tu.

REW, yaani Room EQ Wizard, ya John Mulcahy, ni ya bure na inafanya kazi kwenye Windows, macOS na Linux. Ipo nyongeza ya kulipia kwa wanaopima na maiki kadhaa kwa mpigo, sebuleni huihitaji. Maiki niliyotumia ni UMIK-1 ya miniDSP, inayochomekwa kwa USB. Kila moja ina namba yake, na ukiiandika kwenye tovuti ya miniDSP unapata mafaili mawili ya masahihisho, la nyuzi 0 na la nyuzi 90. Maiki ikitazama dari, tumia la nyuzi 90. Ikitazama spika, la 0. Kwenye besi hayatofautiani. Tofauti iko juu kabisa, na ukikosea hapo utaona trebo imeshuka au imepanda kumbe spika haina kosa. Maiki ya simu sahau, nyingi hukata besi. Ile maiki ndogo iliyokuja na risiva nayo ni ya risiva tu.

Kabla hujachomeka chochote, chukua futi na ufanye hesabu. Gawa 343 (mwendo wa sauti kwa mita kwa sekunde) kwa mara mbili ya kila kipimo cha chumba. Hapa urefu unatoa Hz 33 (mitetemo 33 kwa sekunde), upana Hz 45, kimo Hz 61. Hayo ndiyo masafa ambayo chumba chenyewe kinalindima, hata uweke spika ya bei gani. Yazidishe kwa mbili upate yanayofuata: 66 kwa urefu, 90 kwa upana. Kama sebule yako imefunguka hadi mezani na koridoni bila mlango, hesabu hii inayumba, basi nenda moja kwa moja kwenye vipimo.

Sasa tabia yetu ya kupanga makochi. Sebule za kwetu kochi limebanwa ukutani, ili katikati pabaki wazi kwa wageni na meza ya chai. Ukutani ndipo shinikizo la mawimbi ya besi linapokuwa kubwa kuliko kwingine, kwa hiyo mtu aliyeegemea ukuta anapata mvumo wa Hz 33 na 66 kwa pamoja. Lakini ukikaa katikati kabisa ya urefu, Hz 33 inapotea. Nimeacha sentimita 60 kati ya kichwa na ukuta wa nyuma. Gharama yake ni shimo la karibu Hz 143, kwa sababu sauti inayogonga ukuta na kurudi inakutana na ile ya moja kwa moja ikiwa imepinduka (343 gawa kwa mara nne ya mita 0.6). Nalivumilia, mvumo ulikuwa mbaya zaidi.

Kona ya chumba, ambako karibu kila fundi huweka sabufa, inaamsha milindimo yote. Kochi likiwa katikati ya upana, aliyekaa katikati hapati Hz 45 kabisa, huku aliyekaa pembeni inamkaba. Hakuna filta inayoweza kuwaridhisha hao wawili. Sabufa ilipohamia katikati ya ukuta wa mbele, chini ya TV, mlindimo wa Hz 45 haukuamshwa tena na viti vikakaribiana. Kazi hiyo ni ya waya wa mita mbili tu, na hakuna programu niliyoiona ikiifanya.

Kupima. Fanya baada ya saa nne usiku, bodaboda zikipungua. Zima feni na friji, na mvua ikipiga bati ahirisha. Laptopu itumie betri, kwa sababu chaja mara nyingi huleta mngurumo kupitia waya wa HDMI. Maiki ikae kwenye tripodi, kimo cha sikio, kama mita moja hivi. Usiishike mkononi wala usiiegemeze kwenye kochi. Zima Audyssey na Dynamic EQ (sehemu yake inayoongeza besi ukisikiliza kwa sauti ya chini) kwanza, la sivyo unapima dawa badala ya mgonjwa. Weka kiwango kwenye desibeli 75, kisha piga mvumo wa kupanda (sweep) wa sampuli 256k, unaochukua sekunde tano na nusu kwa 48 kHz. Pima sabufa peke yake kutoka Hz 10 hadi 200 kwenye viti vitatu, chukua wastani. Tazama grafu kwa ulainishaji wa 1/12 ya okteva au bila ulainishaji. Wengi wanaotuma grafu nzuri nzuri wametumia 1/3, ambao unafunika vilele vyote.

Vilele vitatu ndivyo vilivyobaki: Hz 33 juu kwa desibeli 10, Hz 66 kwa 5, Hz 90 kwa 3. Kwenye dirisha la EQ la REW, weka masafa ya kusahihisha 20 hadi 150 na nyongeza ya juu kabisa iwe sifuri. Hilo la sifuri nalisisitiza. Kilele hukatwa, bonde haliongezwi. Bonde linalotokana na mawimbi kuuana halijai hata uongeze vipi, maana ukiongeza sauti na ile inayorudi kuiua inaongezeka vilevile. Na desibeli 6 za nyongeza ni wati mara nne, desibeli 10 ni mara kumi. Koni ya sabufa ndiyo italipa. Filta zilizotoka ni hizi:

Hz 33, kata desibeli 9.5, Q 5.5
Hz 66, kata desibeli 4.5, Q 6
Hz 90, kata desibeli 3, Q 4

Q ni wembamba wa filta: ikiwa kubwa, filta inagusa masafa machache zaidi. Ikizidi 8 siipendi. Sauti hukimbia zaidi hewa ikipata joto: kati ya nyuzi 15 za Julai na 30 za Februari mwendo unatoka kama mita 340 hadi 349 kwa sekunde, na mlindimo wa Hz 33 unasogea karibu Hz 0.9. Filta nyembamba mno itakosa shabaha nusu ya mwaka.

Filta hizi haziingii moja kwa moja ndani ya risiva ya Audyssey, zinahitaji nyumba yake. Nimetumia miniDSP 2x4 HD, kisanduku cha kuchakata sauti, kati ya risiva na sabufa. Anayesikiliza kwa kompyuta anaweza kutumia Equalizer APO kwenye Windows, bure kabisa. Mtego mkubwa wa miniDSP ni huu: 2x4 HD inafanya kazi kwa 96 kHz, ile 2x4 ya zamani kwa 48. Ukichagua modeli isiyo sahihi ndani ya REW, filta ya Hz 33 inatua Hz 66. Grafu itaharibika na utailaumu maiki. Baada ya kupakia, pima tena papo hapo kabla ya kuendelea.

Kukata kilele cha mlindimo kunapunguza pia muda unaodumu, kwa hiyo kwenye grafu ya maporomoko (inayoonyesha sauti inavyofifia kwa muda) ule mkia wa Hz 33 ulifupika waziwazi. Sikio linalisikia hilo kabla ya kitu kingine: ngoma inapiga na kuacha.

Baada ya hapo ndipo Audyssey inafuata, siyo kabla. Ukiitanguliza, inatumia nguvu zake nyingi kupigana na Hz 33, halafu ukija kuongeza filta unavuruga ilichofanya. Nafasi za kuweka maiki ni nane. Ya kwanza iwe katikati kabisa ya kiti kikuu, maana umbali na viwango vinatokana na hiyo. Nyingine ndani ya duara la sentimita 60 hivi. Kochi la ngozi lenye mgongo mrefu litandikie blanketi zito wakati wa kupima. Shuka la kimasai ni jepesi mno. Risiva ikikutaka uzungushe kitasa cha sauti cha sabufa hadi isome desibeli 75, fanya hivyo. Lakini mwishoni kiwango cha sabufa kikisoma −12 kimegota, punguza kitasa urudie upya. Kitasa cha masafa nyuma ya sabufa kiwe mwisho wa juu au kwenye LFE (yaani kisikate chochote), vinginevyo krosova mbili, ya sabufa na ya risiva, zinafanya kazi moja juu ya nyingine. Krosova ni masafa ambayo chini yake besi ya spika hupelekwa kwenye sabufa.

Kwenye mipangilio, risiva iliita spika za mbele kubwa, yaani zibebe besi zote zenyewe. Zibadilishe ziwe ndogo, krosova Hz 80 kwa zote. Kupandisha krosova hakuna shida, lakini usishushe chini ya pale risiva ilipoona spika inaishia, kwani huko haikusahihishwa.

Aplikesheni ya Audyssey MultEQ Editor, ya kulipia, ndiyo iliyobadilisha maoni yangu kuhusu Audyssey. Bila hiyo inasahihisha hadi juu kabisa, na hapo sauti za watu zilikuwa kavu. Nimeweka kikomo Hz 250 kwa kila spika na kuzima lile bonde inalochonga makusudi karibu na 2 kHz. Hz 250 haikutoka hewani: gawa muda wa mwangwi kwa ujazo wa chumba, tafuta kipeuo cha pili cha jibu, kisha zidisha kwa 2000. Sekunde 0.5 na mita za ujazo 55 zinatoa karibu Hz 190, nami nikaweka kikomo juu kidogo ya hapo. Chini ya hapo chumba ndicho kinachotawala; juu yake ni spika, na spika nzuri haihitaji kurekebishwa na maiki iliyoduwaa katikati ya mwangwi.

Ili kuufikisha mwangwi sekunde 0.5 kutoka 0.8, nilitumia zulia nene mbele ya kochi na mapazia mazito ya mitumba kwenye kioo, yaliyokunjika mara mbili ya upana wa dirisha. Godoro ukutani linasaidia pia, ila kwa besi usijidanganye. Sponji ya sentimita 10 inafanya kazi vizuri kuanzia karibu Hz 850, na kwa Hz 33 ungehitaji unene wa mita mbili na nusu, yaani nusu ya sebule.

Hatua ya mwisho ndiyo watu wengi huiruka. Risiva ilisema sabufa iko mita 6.1, futi inasema 4.3. Usiisahihishe kwa futi: ziada hiyo ni ucheleweshaji wa ndani ya sabufa na miniDSP. Pima sabufa pamoja na spika ya kushoto na utazame Hz 60 hadi 100. Hapa kulikuwa na bonde la desibeli 5 kwenye Hz 80. Badilisha umbali wa sabufa kwa hatua za sentimita 30, kila hatua ni kama nyuzi 25 za awamu kwenye Hz 80, na upime kila mara. Kwenye mita 5.5 bonde lilijaa. REW inaweza kukokotoa hili yenyewe ukiwasha rejea ya muda ya sauti, maana maiki ya USB haina saa ya pamoja na risiva, lakini kwa sabufa moja kujaribu kwa mkono ni haraka zaidi.

Matokeo kwenye kiti kikuu: ndani ya desibeli 3 juu na chini, Hz 25 hadi 200, ukiondoa lile shimo la 143. Dynamic EQ naiacha ikiwaka, spika za nyuma nimezipunguza desibeli 2 kwa sababu inazipandisha mno, na kwa king'amuzi naweka kiwango chake cha rejea 10, kinachopunguza makali yake. Dirac Live, mpinzani wa Audyssey, inasahihisha muda pamoja na masafa na ina uhuru zaidi wa kuchora shabaha, ila kwenye risiva nyingi leseni yake hulipiwa pembeni na vipimo vinaweza kufika 17. Kwa sabufa moja kwenye chumba kama hiki, sioni kwamba ingefuta kazi ya kusogeza boksi.

Mngurumo wa Hz 50 au 100 unaosikika filamu ikiwa kimya si kazi ya programu yoyote hapo juu. Chomoa waya wa dishi nyuma ya king'amuzi. Ukikoma, tatizo ni ethi, na zipo soketi zenye tundu la ethi lisilounganishwa na chochote. Mwite fundi umeme. Na kwa jinsi umeme unavyokatika, hifadhi faili la vipimo kwenye simu ndani ya aplikesheni na filta za miniDSP kwenye laptopu. Risiva ikisahau kila kitu, kurudisha ni dakika tano badala ya usiku mzima mwingine.