Spika za sebuleni: zipi zinakuonyesha kila gitaa lilipo

Jumapili jioni hapa Mwanga, Kigoma, ukipita mtaani utaisikia rumba ya ng'ambo ya ziwa nyumba kwa nyumba. Besi inatikisa madirisha, lakini simama usikilize vizuri: magitaa ya solo, mi-solo na rithimu yamebanana sehemu moja kama abiria ndani ya Hiace. Muziki ule haukurekodiwa hivyo. Aliyeuchanganya studio aliliweka kila gitaa upande wake, mwimbaji katikati, ngoma nyuma kidogo. Kazi ya spika nzuri ni kukurudishia mpangilio huo, mpaka ukifumba macho uweze kunyoosha kidole mi-solo ilipo.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka hilo, na sebule yake ni kama zetu nyingi: vigae chini, bati juu, kuta tupu. Anayetaka kujaza turubai la harusi ana mahitaji mengine kabisa.

Kabla ya kuzipanga spika kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, tuachane na namba ya wati iliyoandikwa kwenye boksi. Kuna sabufa zinauzwa zimeandikwa PMPO wati 10,000, namba ya kuvutia wateja tu. Plagi yetu ya pini tatu ina fyuzi ya ampia 13, na umeme wetu ni volti 230. Zidisha: haifiki hata wati 3,000, na hizo ni za pasi na birika. Namba ya kuuliza ni RMS, nguvu ambayo chombo kinaitoa mfululizo. Kwa sebule, wati 30 hadi 40 za RMS kwa kila spika zinatosha na kubaki. Tena ili sauti iongezeke desibeli 3 tu unahitaji nguvu maradufu, kwa hiyo tofauti ya wati 40 na 50 sikio lako halitaiona.

Upana wa sauti hauji na wati. Unakuja na makasha mawili yanayofanana, yaliyotengana, yenye sauti iliyonyooka mbele na isiyoharibika pembeni. Mtafiti wa Kanada, Floyd Toole, alifanya majaribio kuhusu hilo miaka ya 1980: watu walisikiliza bila kuziona spika, na walichagua zile zisizokuza besi wala kunoa sauti za juu, ambazo hata ukisogea upande hazibadiliki ghafla.

Kwa kigezo hicho, nafasi ya kwanza naipa spika za studio zenye amplifaya yake ndani. JBL 305P MkII na Yamaha HS5 ndizo ninazozitaja kila nikiulizwa. Zote zina koni ya inchi 5, na kila kasha lina amplifaya mbili, moja ya besi na nyingine ya twita, ile spika ndogo ya sauti za juu: JBL ina wati 41 kwa kila moja, Yamaha ina 45 na 25. Zimetengenezwa kwa mafundi wanaochanganya muziki, watu ambao wanahitaji kusikia kosa. JBL nimeiweka mbele kidogo kwa sababu ya umbo lililozunguka twita yake, linalosambaza sauti za juu sawasawa hata kwa aliyekaa pembeni ya kochi. Yamaha ni kali zaidi, haisamehe wimbo uliopakuliwa ovyo. Jambo la kujiandaa nalo: zote zinapokea XLR, ile plagi ya duara kama ya maikrofoni, au jeki kubwa ya robo inchi, siyo waya mwekundu na mweupe wa redio. Nunua waya wa kutoka kwenye simu au runinga siku hiyohiyo, maana kuusubiri kutoka Dar ni mateso.

Ya pili ni spika zisizo na amplifaya, za kuweka juu ya shelfu, hasa za mtumba. Hapa ndipo pesa ndogo inaweza kukupa sauti kubwa kuliko bei yake. KEF ya Uingereza tangu 1988 wanatengeneza spika ambazo twita imekaa katikati ya koni yenyewe, sauti zote zinatoka sehemu moja, na mpangilio wa magitaa unasimama imara. Ukikutana na Q150 yao ya mtumba isiyo na jeraha, usiiache. Lakini mtumba una mitego yake, na mmoja uliniumiza. Nilinunua amplifaya nzuri ya Kijapani, nzito, inang'aa. Muuzaji alisema imejaribiwa. Nyuma iliandikwa volti 100, maandishi madogo, sikuyasoma. Nilichomeka, nikasikia harufu ya kuungua kabla hata wimbo haujaanza. Vitu vya Japani ni volti 100, vya Marekani 120. Bila transfoma ya kushusha umeme vinakufa. Soma nyuma, usisikilize mdomo.

Spika zenyewe zikague kwa kidole. Ule ukingo unaoshika koni, ukiwa wa sponji, huoza kwa umri hata kama spika haikutumika. Ukingo wa mpira hudumu. Sukuma koni taratibu, vidole viwili pande zote mbili: ikikwaruza, koili imepinda. Sponji iliyooza fundi anaweza kuibadilisha. Koili iliyopinda ni hasara.

Nafasi ya tatu ni Edifier R1280T na ndugu yake R1280DB, ambayo ina Bluetooth. Ni wati 42 kwa jumla, koni ya inchi 4, na zinapokea waya wa kawaida wa redio. Besi haishuki sana, lakini sauti ya mtu inasikika kama ya mtu. Kwa chumba cha kupanga, au kijana anayeanza maisha, ningemwambia achukue hizi kabla hajafikiria sabufa.

Sabufa ya kawaida, boksi moja kubwa na spika ndogo mbili, naiweka ya nne. Tatizo lake kubwa linatibika: waya za zile ndogo ni fupi, watu wanaziweka juu ya boksi lenyewe, basi stereo imekufa. Ongeza waya, zitenganishe mita mbili, zipandishe usawa wa masikio, kisha rudisha kitufe cha besi chini ya nusu. Utashangaa. Saundibaa inafuata, nzuri kwa taarifa ya habari na mpira, finyu kwa muziki. Spika moja ya Bluetooth ni ya mwisho. Ni kasha moja tu, haina kushoto wala kulia.

Ukishanunua, nusu ya kazi imebaki. Kaa umbali uleule na kila spika, sawa na umbali wa spika moja hadi nyingine: mita mbili, mbili, mbili. Twita ziwe usawa wa masikio ukiwa umekaa. Zitoe ukutani angalau nusu mita, hasa zenye tundu la hewa nyuma. Ukizisukuma kwenye kona besi inavimba na kumeza sauti ya mwimbaji. Vigae na kuta tupu zinarudisha sauti kama pango. Sauti husafiri kama sentimita 34 kwa milisekunde moja, kwa hiyo mwangwi wa ukuta wa pembeni unafika sikioni karibu pamoja na sauti halisi na kuichafua. Zulia mbele ya spika, pazia zito, kabati la vitabu pembeni: hivyo vitatu vimenisaidia kuliko waya wowote wa bei ghali. Mvua ikinyesha kwenye bati, zima usubiri.

Wenzangu wa sola, inveta iwe ya mawimbi laini (pure sine wave). Zile za bei rahisi zinaingiza mvumo kwenye amplifaya, na utamlaumu fundi bure.

Dukani nenda na fleshi yako. Weka rumba unayoijua mpaka kupumua kwa mwimbaji. Kisha weka rekodi ya zamani ya mono, mimi huweka Tabora Jazz, sauti kwa chini tu, usikubali waongeze. Kwenye mono spika zote mbili zinatoa kitu kilekile, kwa hiyo bendi nzima inatakiwa isikike katikati, pale ukutani pasipo na kitu. Ikisambaa huku na huku na besi imepotea, huenda waya za spika moja zimegeuzwa, nyekundu kwenye nyeusi; mwombe azibadilishe kabla hujaikataa. Ukifumba macho na mwimbaji amesimama pale katikati, toa hela.