Darasa la mazoezi la akina mama, Tabata: zuri, ila ile mizani waitoe mlangoni

Bei kwanza, maana najua ndiyo mnayoitafuta: shilingi 2,000 kwa kipindi, au 20,000 ukilipa mwezi mzima. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa 1:30 usiku. Ukumbi uko ghorofa ya kwanza, juu ya duka la vifaa vya ujenzi, si mbali na kituo cha Barakuda. Mashine hakuna. Kuna mikeka, spika moja kubwa, feni mbili (moja ni pambo) na kocha, dada aliyewahi kucheza netiboli na bado ana sauti ya uwanjani.

Mimi ni mtu wa kaunta Kariakoo. Nakaa kwenye stuli tangu asubuhi mpaka tunafunga saa 11, halafu nakaa tena kwenye daladala, foleni ya Buguruni inavyotaka. Jimu za mjini zina viyoyozi na vioo, sikatai, lakini zinakutaka ubaki mjini hadi saa 2 usiku, halafu urudi na nani? Hapa nafika nyumbani, nabandika maharage, namwachia binti jiko, nashuka. Tukimaliza tunarudi kwa makundi, wa Kimanga huku, wa Segerea kule, na kocha hulisindikiza kundi la mwisho mwenyewe. Kwangu hiyo peke yake inatosha kulipia ile 20,000. Madirisha yana mapazia mazito, kwa hiyo mnaokuja na baibui mtabadilisha bila wasiwasi.

Muziki ni singeli mwanzo mwisho. Wenye magoti ya miaka 25 watafurahi. Mama wa miaka 55 mwenye kilo 90 na kitu akiifuata ile kasi, kesho hashuki kitandani. Tulilalamika, na sasa robo saa ya kwanza wakubwa wanafanya wakiwa wamekaa kwenye viti, kwa taarabu. Wangeongeza iwe nusu saa.

Sasa mizani. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi unapimwa pale mlangoni, kilo zako zinatajwa kwa sauti na kuandikwa ubaoni. Watu wanacheka. Jirani yangu alisomewa 104 mbele ya mke wa mwanawe, na hajakanyaga tena. Nilipomwambia kocha, akajibu kwamba aibu inamsukuma mtu. Haimsukumi, inamfukuza. Na anayefukuzwa ndiye aliyelihitaji darasa kuliko sisi tuliobaki.

Lakini zile dakika kumi za mwisho za mazungumzo, hapo nampa kocha heshima yake. Hajawahi kutuambia tuache ugali. Alituuliza tunakula nini, saa ngapi, na nani anatupakulia. Yakatoka mengi. Wengi wetu tunakula saa 3 au saa 4 usiku na kulala papo hapo. Mchana ni sahani ya mama ntilie, wali mlima na mchicha kijiko kimoja pembeni. Mgeni akija lazima soda, na ukimpa maji umemdharau. Kocha akatupigia hesabu: kola ya nusu lita ina kama gramu 50 za sukari, na hizo gramu 50 ndizo ukomo wa siku nzima ambao Shirika la Afya Duniani linampa mtu anayekula kalori 2,000. Bado chai ya jioni hujaigusa.

Kisha akatufanyia igizo. Mmoja anakuwa shangazi mwenye sinia la pilau, mwingine anajifunza kukataa sahani ya pili bila kumvunjia heshima. Tulicheka mpaka machozi, ila ni somo zito. Mimi nilipopungua kidogo tu, mama mkwe alimpigia simu mume wangu kuuliza kama biashara imeanguka, na mteja wangu wa siku nyingi akaniuliza taratibu kama naumwa.

Kuna siku kocha alisema sisi weusi miili yetu ndivyo ilivyo. Hapo nilimkatalia. Bibi yangu wa Handeni alikuwa mweusi huyuhuyu, na alikufa mwembamba, ndoo kichwani na jembe mkononi. Binamu yangu ni nesi Houston. Kule Marekani, vipimo vya 2017–2018 vilikuta asilimia 49.6 ya watu wazima weusi wana unene uliopitiliza, na wanawake karibu 57 katika kila 100. Yeye anaowahudumia wengi wanafanya zamu mbili, wanalala kidogo, na mtaani kwao kuku wa kukaanga yuko karibu kuliko mboga mbichi. Kwangu mimi mchicha unapita mlangoni kwa mafungu. Ninachokosa ni saa ya kuupika. Na huku kwetu, wanawake wa miaka 15 hadi 49 wenye uzito uliozidi walikuwa 28 katika 100 kwenye utafiti wa kitaifa wa 2015–16, wakafika 36 mwaka 2022. Damu haibadiliki kwa miaka saba.

Nampa nyota nne kati ya tano. Harufu ya chipsi mayai pale chini ya ngazi simhesabii kocha, ingawa inatesa. Ukija mara ya kwanza, epuka Jumatatu ya kwanza ya mwezi, na beba maji yako: ya ukumbini wanauza 1,000, dukani hapo chini ni 600.