Seti ya majaribio ya sumaku-umeme: dira zake safi sana, fimbo ya chuma imeniangusha

Nimekaa na hii seti wiki 2 na binti yangu wa sekondari, tumefungua tumefunga mpaka boksi limechoka. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu, mtoto auone uga wa sumaku, yaani eneo ambalo nguvu ya sumaku inafika, kwa macho yake aache kukariri michoro, na hapo kwa kweli imenilipa.

Roho ya seti ni kile kifremu cha plastiki. Waya unapita wima katikati ya kadi mara 10 na dira 4 ndogo zinauzunguka, ukiwasha tu sindano zote zinaiacha kaskazini zinajipanga kwenye duara, ukigeuza betri zote zinageukia upande wa pili. Binti akatoa mkono wa kulia, dole gumba likafuata mkondo wa umeme, vidole akavikunja, akaona vinaelekea kulekule sindano zinakoelekea. Akanyamaza kidogo halafu akasema "kumbe uga hautoki kwenye waya kama miba, unauzunguka". Mimi hiyo niliikariri miaka bila kuiona! Na hizo mara 10 zina maana yake, kwa sababu waya mmoja wenye ampea 1, ukiwa sentimita 1 kutoka hapo, unatoa mikrotesla 20 tu (hicho ni kipimo cha nguvu ya uga), na dunia yenyewe ina kati ya 25 na 65 hivi, sasa waya mmoja utaisogeza sindano lakini kuishinda dunia hauwezi.

Jaribio la 1820 la Ørsted, mwanasayansi wa Denmark, lile la waya juu ya dira, lipo pia ila karatasi ya maelekezo imeruka jambo kubwa. Waya lazima ulale sambamba na sindano, kaskazini kwenda kusini. Sisi tuliulaza mashariki-magharibi, sindano ikatulia tuli, tukabadilisha betri bure.

Haya, fimbo sasa. Boksi limeandika chuma laini. Koili yenyewe, yaani waya uliozungushwa mara 100, ikiwa tupu haikuinua hata klipu 1 ya karatasi, tukaingiza fimbo ikabeba 14, tukashangilia, kuzima umeme klipu 5 zikabaki zinaning'inia. Hiyo sio chuma laini jamani, hiyo ni feleji, chuma kigumu. Ndani ya chuma kuna visehemu vidogo vidogo, kila kimoja ni kama kisumaku, mkondo wa koili unavipanga vyote vitazame upande mmoja ndio maana nguvu inaongezeka vile, ukizima kwenye chuma laini vinavurugika tena karibu vyote, kwenye feleji vinang'ang'ania. Sasa mtoto atajifunzaje kwamba sumaku-umeme inawashwa na kuzimwa wakati haizimiki?

Tulichofanya, tukachukua msumari mnene, tukauchoma mpaka ukawa mwekundu, tukaufukia kwenye majivu upoe polepole mpaka kesho yake. Ukabeba klipu 12, kuzima zikadondoka zote ikabaki 1.

Mengine ni madogo. Ncha za waya zikwangue vanishi mpaka shaba ing'ae la sivyo umeme haupiti, na usiwashe zaidi ya sekunde 10 mfululizo maana koili inapata moto na betri inaisha haraka.

Nyota 4. Ya tano nitaitoa wakibadilisha ile fimbo.