Kutuma ECG kutoka kwenye ambulensi: uzoefu wangu

Mimi ni mhudumu wa ambulensi. Mashine ninayoizungumzia ni ile inayopima moyo na kutuma mchoro wake (ndiyo ECG) hospitali kabla hatujafika. Sitaji kampuni, maana zote nilizowahi kutumia zinafanana kwa mazuri, na hata kwa yanayoudhi.

Unabandika vibandiko kumi: vinne vya mikono na miguu, sita vya kifuani. Mashine inauchora moyo kutoka pembe 12, unabonyeza kitufe, mchoro unapita kwenye mtandao wa simu hadi kwa daktari wa zamu. Akiona mstari wa ST, kile kipande cha mchoro kinachofuata baada ya kilele cha kila pigo, umepanda kwa namna inayoonyesha mshipa umeziba, anaiita timu ya kuzibua mishipa wakati sisi bado tuko barabarani. Faida yote iko hapo. Miongozo ya Marekani inataka mshipa uwe umezibuliwa ndani ya dakika 90 tangu mgonjwa akutane na mhudumu wa kwanza. Ya Ulaya inasema ikionekana zitapita dakika 120 kabla ya kuzibuliwa, apewe dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, asisubirishwe. Mchoro usipotangulia, dakika hizo zinaishia mapokezi: andikisha jina, pima upya, msubiri daktari ashuke.

Kuna mzee tulimchukua akiwa ameloa jasho, maumivu yametoka kifuani yamefika kwenye taya. Vibandiko viligoma kushika. Nikamfuta, nikanyoa nywele za kifua sehemu mbili tatu, nikaisugua ngozi kwa kitambaa kikavu. "Mzee wangu, usiongee kidogo, legeza mikono." Kisha nikamwomba dereva asimame pembeni, kwa sababu gari likitikisika mchoro unajaa mikwaruzo. Mkewe akaja juu: mgonjwa anakufa, nyie mnapaki? Nikamwambia, "Mama, tunampima sasa hivi ili tukifika wasianze moja."

Mchoro ulitoka safi, na mistari ya II, III na aVF, yaani pembe zinazoutazama moyo kutoka chini, ilikuwa imepanda. Daktari akapiga simu palepale, akasema kibandiko cha V4, cha nne kati ya vile vya kifuani, nikihamishie upande wa kulia, nitume tena. Nilipotuma, akakataza tusimpe nitrogliserini, dawa ya kutanua mishipa: upande wa kulia wa moyo nao ulikuwa umeguswa, na dawa ile ingeweza kumshusha presha vibaya. Mwisho akasema, "Msipite mapokezi, njooni moja kwa moja." Mzee alipokelewa mlangoni na watu waliokwisha kuvaa tayari kwa kazi.

Sasa malalamiko. La kwanza ni neno "imetumwa" linalotokea kwenye skrini. Kwa mashine yetu lina maana kwamba mchoro umetoka kwenye gari, basi. Halisemi kama umefika, wala kama kuna mtu ameutazama. Kwa hiyo kila nikituma napiga na simu, na wageni kazini nawafundisha hivyohivyo. Kwenye mabonde ambako mtandao unakatika, nampigia daktari tukipata laini na kumsomea ninachokiona kwenye karatasi. Inasaidia, ila si sawa na yeye kuona mwenyewe.

La pili ni tafsiri ambayo mashine huiandika yenyewe juu ya karatasi. Naisoma, siitegemei. Mgonjwa akitetemeka kwa baridi inaweza kuandika jambo la kutisha lisilokuwepo, na nimeona pia ikinyamazia mchoro ambao daktari aliushtukia mara moja. Ndugu wa mgonjwa nao wakiona limeandikwa neno zuri wanataka mtu wao ashushwe arudi nyumbani. Mchoro wa kawaida hauondoi mshtuko wa moyo: maumivu yakiendelea unarudia kupima, na hospitali bado watapima kwenye damu troponini, protini inayovuja misuli ya moyo ikiumia.

Waya nazo hukatikia ndani, huoni mpaka mstari mmoja unyooke ghafla kama rula. Betri sina la kulalamikia, mradi mtu wa zamu iliyopita amekumbuka kuichaji.

Wenzangu wengine huiona teknolojia hii kama ya juzi. Mwaka 1905 Willem Einthoven, mvumbuzi wa mashine ya ECG, kule Leiden, Uholanzi, alikuwa tayari anapokea mapigo ya moyo ya wagonjwa kwa waya wa simu, kutoka hospitali iliyokuwa kama kilomita moja na nusu kutoka maabara yake. Kusafirisha mchoro si fumbo tena.

Anayetaka kuinunulia huduma yake, mimi naipendekeza, ila kabla ya kuuliza bei aulize nani atakuwa anapokea saa tisa usiku, na kama mtu huyo ana ruhusa ya kuiamsha timu bila kuomba kibali kwa mwingine. Niliwahi kufanya kazi mahali ambapo michoro yetu ilikuwa inaingia kwenye kompyuta ya ofisi inayofungwa jioni. Mashine yenyewe ilikuwa bora kuliko hii tuliyonayo sasa.