Vilele vya Mvua: Kipimo cha Hartigan au cha Silverman?

Kusini mwa Uganda mvua huja kwa misimu miwili, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, ilhali Karamoja, kaskazini-mashariki mwa nchi, ina msimu mmoja. Kwa hiyo mwenye tarehe za siku za mvua hana budi kuuliza kama vilele anavyoviona kwenye grafu ni vya kweli au vimetokana na bahati ya sampuli. Kipimo cha takwimu cha Hartigan cha mwaka 1985 hutafuta umbali mkubwa kabisa kati ya mgawanyo limbikizi wa data (yaani sehemu ya data iliyokwisha kufikiwa hadi kila tarehe) na mgawanyo wa kilele kimoja ulio karibu nao zaidi. Hakikulazimishi kuchagua kiwango cha ulainishaji, yaani kiasi cha kusawazisha mabonde na vilima vidogo vya grafu, na hilo ni jambo kubwa, lakini hujibu swali moja tu: kilele kimoja, au zaidi?

Mwanatakwimu Silverman, mwaka 1981, alilainisha mkunjo wa data hadi vilele visizidi idadi inayodhaniwa, kisha akatumia sampuli rudufu (sampuli mpya zinazochotwa kwenye mkunjo huo uliolainishwa) kupima kama ulainishaji huo umepita kiasi, hivyo dhana ya vilele viwili inaweza kupimwa dhidi ya ile ya vitatu. Hata hivyo, thamani chache zilizojitenga mkiani huweza kuzua vilele bandia.

Kwa Karamoja ningechagua cha Hartigan. Kwa Kampala, cha Silverman, mradi mwaka uanzie Januari, wakati wa kiangazi, kwa kuwa vipimo vyote viwili huichukulia kalenda kama mstari ulionyooka, na mwaka ukikatwa katikati ya msimu wa mvua, kilele kimoja kitagawanyika kuwa viwili.