Google Sites kwa tovuti ya darasa: kujenga ni rahisi, kazi iko kwenye ruhusa

Mwalimu anayetaka ukurasa ambao wanafunzi wanajichagulia kazi hahitaji kumlipa fundi wa tovuti. Google Sites ni bure, inafunguka kwa akaunti ya kawaida ya Google, na katika toleo lililotoka 2016 kujenga ni kuburuta na kuachia tu. Kwa kazi hiyo tunaipa alama za juu. Mitego yake, hata hivyo, haionekani mpaka wanafunzi waanze kufungua viungo.

Tuchukue mada ya usanisinuru. Ukurasa unaofaa una kadi sita, si ishirini, na kila kadi inataja mambo manne: kazi yenyewe, muda, kifaa kinachohitajika na kitu cha kukusanya. Kadi moja isomeke hivi: "Pima jani. Dakika 80. Maabara, pamoja na mwalimu. Leta: mchoro wa jani baada ya ayodini, na sentensi tatu za kueleza kwa nini sehemu iliyofunikwa haikuwa bluu-nyeusi." Nyingine iwe ya video fupi yenye maswali, nyingine maelezo ya sauti, nyingine mchoro wenye lebo kwenye daftari. Angalau mbili zisihitaji kifaa chochote, la sivyo uhuru wa kuchagua unabaki kwa wenye simu. Na zote zipime lengo lilelile. Kadi inayosema tu "tengeneza wasilisho" italeta slaidi za rangi nzuri zisizosema klorofili inafanya nini.

Kujenga kadi zenyewe, tumia miundo iliyo tayari, ile yenye picha, kichwa na maelezo ndani ya safu moja. Ukiweka sehemu moja ya picha tatu na chini yake sehemu nyingine ya maelezo matatu, kwenye kompyuta itapendeza. Kwenye simu safu hupangwa moja chini ya nyingine, hivyo mwanafunzi anakutana na picha zote kwanza, kisha maneno yasiyojulikana ni ya picha ipi. Hakikisho (onyesho la awali) la mwonekano wa simu lipo palepale juu ya ukurasa wa kuhariri, na walimu wengi hawaligusi. Maelezo marefu yafiche kwenye kikundi kinachokunjwa, ili kadi zote sita zionekane bila kusogeza sana.

Sasa ruhusa, ambako malalamiko mengi huzaliwa. Kuchapisha tovuti kwa umma hakufungui faili za Drive, hifadhi ya Google ya mtandaoni, ulizoweka ndani yake. Kila faili ina ruhusa yake. Mwalimu anaona kila kitu kwa sababu faili ni zake, mwanafunzi anakuta ombi la ruhusa. Weka faili zote za somo kwenye folda moja, ipe folda hiyo ruhusa ya kutazama kwa yeyote mwenye kiungo, halafu fungua tovuti katika hali fiche ya Chrome bila kuingia akaunti yoyote na ubonyeze kila kadi. Kama akaunti ni ya shule, msimamizi anaweza kuwa amezuia kushiriki nje ya shule. Hapo hakuna mpangilio wa mwalimu utakaosaidia. Pia kumbuka kwamba mabadiliko hujihifadhi yenyewe lakini hayaonekani kwa wasomaji mpaka ubonyeze tena kitufe cha kuchapisha.

Kurekodi nani amechagua nini, Google Forms, zana ya Google ya fomu za maswali, inapachikwa vizuri ndani ya ukurasa. Ukitaka jibu limpeleke mwanafunzi kwenye sehemu ya kazi yake, tumia swali la chaguo moja au orodha kunjuzi, kwa maana visanduku vya chaguo nyingi haviwezi kuelekeza. Kuwazuia wasijibu mara mbili kunadai kila mmoja aingie kwa akaunti yake. Kwenye chumba cha kompyuta chenye akaunti moja ya pamoja, wa kwanza akishajibu waliobaki wamefungiwa nje. Swali la kupakia faili nalo linadai kuingia, na faili hizo zinakula nafasi ya Drive ya mwalimu, ambayo kwa akaunti ya bure ni GB 15 pamoja na barua pepe zake.

Mengine ni madogo. Haina sehemu ya maoni, mandhari zake hazibadiliki sana, na kuhariri kunataka kompyuta. Anayetaka blogu ya shule yenye waandishi wengi aende WordPress, programu ya kujenga tovuti, ile ya kujisimamia mwenyewe, akijua atalipia mahali pa kuiweka na atabeba kazi ya masasisho.

Shule isiyo na intaneti ya uhakika isihangaike na yoyote kati ya hizo mbili. Kolibri, programu ya masomo ya shirika la Learning Equality, ni bure, inakaa kwenye kompyuta moja au Raspberry Pi (kompyuta ndogo sana), na wanafunzi huifikia kwa Wi-Fi ya ndani bila bando. Masomo hupakuliwa mapema mahali penye mtandao, kisha mwalimu anapanga kila darasa lione nini.